Orijinali Haitoki Nyumbani

Gakiza hakuwahi kupoteza kitu chochote chenye muhuri. Mke wake Vénérande angeweza kusimama mbele ya kanisa zima na kulishuhudia jambo hilo. Angeweza pia kusema, na hili alilisema mara nyingi akiwa peke yake na sufuria zake, kwamba afadhali Mungu angempa mume wa kupoteza vitu.

Pale kwao Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati lenye kufuli mbili. Ufunguo wa kwanza ulikaa shingoni mwa Gakiza kwa uzi mweusi. Wa pili Vénérande aliufunga kwenye ncha ya kitenge chake. Ukifungua sanduku unakuta mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko huo mfuko mwingine, na ndani ya huo mwingine bahasha za kaki zimepangwa kama sahani kabatini: karatasi za ukimbizi, vyeti vya ubatizo, kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana watoto wao. Mtu akija kuomba karatasi, awe wa hospitali, awe wa shule, awe mchungaji mwenyewe, Gakiza alimpa fotokopi.

"Orijinali haitoki nyumbani," alisema, na akishasema hivyo hakuna aliyebishana naye. Hata picha ya harusi ya binti yao Akeza iliyotundikwa ukutani ilikuwa fotokopi. Nyeusi na nyeupe. Bibi harusi anaonekana kama ametoka kuchoma makaa.

Vénérande alijua ugonjwa huo ulianzia wapi. Mwaka wa tisini na tatu nyumba yao kule Rumonge, Burundi, iliungua na kila kilichokuwa ndani, pamoja na cheti chao cha ndoa ambacho kilikuwa na miezi minne tu. Wakavuka kwenda Tanzania, wakapewa kadi ya chakula kambini. Siku moja karani akaiomba ile kadi, akasema anataka kuihakikisha, warudi kesho. Kesho yake karani akasema hajawahi kuiona. Vénérande alikuwa na mimba ya Akeza. Wiki sita hawakupata unga wala maharage, na kila asubuhi Gakiza alikwenda kusimama kwenye lile dirisha, na kila asubuhi aliambiwa: kadi haipo, basi familia haipo.

Kwa hiyo alimwelewa mume wake. Na hilo ndilo lililomchosha zaidi, kwa sababu mtu usiyemwelewa unaweza kumkasirikia vizuri ukamaliza, lakini huyu ukianza kumkasirikia unaliona lile dirisha, hasira inaishia njiani.

Sasa ikaja habari ya gari.

Miaka minne Gakiza alikuwa akifyatua matofali kule bondeni na mgongo wake ukiwa umeshakataa. Msaada wa chakula ulikuwa unapungua kila mwaka. Ndipo mchungaji akamtambulisha kwa Mai Nabanda, mwalimu mstaafu, Mmalawi wa mtaa wa Area 18 kule Lilongwe, mjane, aliyekuwa na Sienta ya buluu na hakuwa na dereva asiyekunywa pombe. Gakiza alikuwa ameendesha lori la mawese miaka mingi kabla ya vita, na leseni ya Malawi alikuwa ameitafuta kwa jasho lake. Wakakubaliana. Gakiza atapakia watu kutoka Dzaleka hadi Lilongwe na kurudi, na kila Jumatatu atapita Area 18 mama mwenyewe apokee haki yake mlangoni kwake. Hiyo Sienta njo ilikuwa shamba lao. Hawakuwa na lingine.

Mai Nabanda alikuwa mtu wa sheria. Kila miezi sita alikwenda mwenyewe kununua bima ya gari, ile asiransi kama Wakongo wanavyoiita, na kila mara alimkabidhi Gakiza ile stika ndogo ya duara kwa mkono wake, akimwambia kwa Kichewa, "Bambo Gakiza, kwenye kioo cha mbele. Leo."

"Ndiyo, Mai. Zikomo kwambiri," Gakiza akashukuru.

Na Gakiza alikwenda moja kwa moja kwa kijana wa fotokopi pale soko la kambini, akapiga kopi, akaikata na mkasi kwa uangalifu wa fundi wa nguo, akaipitisha kwenye mashine ya plastiki, akaibandika kopi kwenye kioo. Stika yenyewe ikaenda sandukuni.

Mwezi wa tatu polisi mmoja wa barabarani alimsimamisha, akaona ile kopi nyeusi, akampigia simu mwenye gari. Mai Nabanda hakupiga kelele. Alimwambia Gakiza kwa sauti ile ya walimu, ambayo ni mbaya kuliko kelele, "Rekebisha jambo hili. Siku nyingine nikipigiwa simu na polisi, gari nampa mtoto wa kaka yangu."

Gakiza alirudi nyumbani akamwambia mke wake kwamba amerekebisha. Vénérande akamshukuru Mungu. Hakuuliza amerekebishaje. Hilo lilikuwa kosa lake yeye, na baadaye alilikiri.

Jumatatu moja ya mwezi wa nane, upepo ukivuma na vumbi jekundu likiingia hadi kwenye meno, Vénérande alikaa kiti cha mbele na mfuko wake mtupu, akienda soko la Tsoka mjini kununua usipa, vile vidagaa vya ziwani, wa kuja kuuza kambini. Nyuma walikuwa abiria watano. Mmoja alikuwa Tambwe, mfanyabiashara Mkongo kutoka Kindu, amekumbatia robota lake la vitenge kama mtoto mchanga. Tambwe alikuwa Mwislamu mzuri, mwenye sala zake, lakini mdomo wake haukujua kupumzika.

Kwenye kizuizi cha polisi kabla ya kuingia mjini, polisi mmoja msichana aliwanyooshea mkono. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa kana kwamba vumbi linamwogopa. Akazunguka gari, akafika kwenye kioo, akainama. Akakwaruza kwa ukucha.

"Bambo," akasema kwa Kichewa, "hii ni picha."

"Ndiyo, madam. Fotokopi," Gakiza akajibu. Halafu akaongeza, na Vénérande aliisikia fahari katika sauti yake, "Ya rangi."

Vénérande akageuza kichwa taratibu akamtazama mume wake.

"Ya rangi?" akamuuliza kwa Kirundi.

"Si alisema nirekebishe? Ile nyeusi haikuwa inasomeka."

Mana yanje, Vénérande akasema moyoni. Mungu wangu, shika mdomo wangu.

Polisi alikuwa bado anasoma. "Na tarehe imekwisha. Mwezi wa sita, tarehe thelathini."

"Hiyo ni ya zamani, madam. Mpya ipo."

"Kwa nini hukuibandika mpya?"

"Mashine ya rangi iliishiwa wino."

Nyuma, Tambwe alicheka hadi robota likaanguka. "Aaah, Papa Akeza! Bantu banatembea na magari bila asiransi hata moja, banaomba Mungu njo awafikishe. We uko na za kutosha na unazifichaka! Sasa hiyo orizinali unamuwekea nani? Siku ya ufufuo utamuonyesha malaika?"

"Nyamaza, Tambwe," Vénérande akasema.

"Mi ninyamaze? Mi nalipa nafasi yangu, mama. Hata mdomo nililipia."

Msichana wa polisi akamwita mkubwa wake, sajini mzee kidogo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Sajini hakukimbilia kusema. Aliibandua ile kopi kwenye kioo, akaitazama mbele na nyuma, akaipinda, ikarudi sawa kwa sababu ya plastiki. Kazi nzuri, mtu angesema.

"Bambo," akamwambia Gakiza, "mtu aliyekosa kuweka stika namwandikia faini, analipa, anakwenda. Mtu anayetengeneza stika za rangi namtafuta tangu mwaka jana. Huyo anakwenda mahakamani. Wewe ni yupi katika hao wawili?"



"Yeye ni mtu wa tatu, bwana mkubwa," Vénérande akasema kabla hajajizuia. "Ni yule anayeficha. Ya kweli iko nyumbani Dzaleka, chini ya kitanda. Niruhusu nikailete."

Sajini aliangalia saa yake. Ilikuwa saa mbili na nusu. "Gari linabaki hapa. Mpaka saa sita. Ikipita saa sita nampigia mwenye gari, jina lake ninalo hapa."

Gakiza akawa wa rangi ya majivu. Hakulia, hakubembeleza. Alimgeukia tu mke wake akatoa uzi shingoni, akampa ufunguo. Wote wawili walilifikiria jambo moja: simu ikilia Area 18, gari limekwenda kwa mtoto wa kaka, na Gakiza amerudi bondeni kwenye matofali na mgongo ule.

"Mama Akeza," akanong'ona, "chukua hiyo moja tu. Zingine usizitoe kwenye plastiki. Na usiikunje."

"Baba Akeza, kaa kimya. Nakuomba kwa jina la Bwana."

Abiria wakashuka mmoja mmoja wakidai nauli zao, wakasimamisha magari mengine. Tambwe peke yake hakutoka. "Mi nalipa mara moja," alitangaza, akajinyoosha kwenye kiti. "Niko naikala hapa na shofere wangu. Mama, ukipita sokoni uniletee andazi."

Vénérande alipanda minibasi ya kurudi, akaipoteza nusu saa nzima kwenye njia panda akingoja ijae, halafu akachukua kabaza, bodaboda ya pikipiki, hadi mlangoni. Njia yote alikuwa anaomba, lakini kila sala ilimgeukia ikawa malalamiko. Bwana, wewe unamjua mtumishi wako Gakiza. Wewe njo ulimuumba. Uliniambia nimtii, nimemtii miaka thelathini na zaidi. Sasa niambie, anayemtii mtu anayebandika fotokopi anafika wapi?

Akampa mwenye pikipiki ishara asubiri, akaingia ndani, akavuta sanduku. Kufuli ya kwanza ikakubali. Ya pili ikakataa, kwa sababu ya vumbi, akaipiga kwa mchi hadi ikafunguka. Mfuko. Mfuko mwingine. Bahasha. Gakiza alikuwa ameandika juu ya kila moja kwa herufi kubwa za shule ya msingi: UBATIZO. KLINIKI. TANZANIA. NABANDA.

Ndani ya bahasha ya NABANDA, nyuma ya risiti chache, kulikuwa na stika nne. Zote za kweli, zote zenye ule mng'ao wa duara la kweli, gundi zao nyuma bado zina ile karatasi ya kubandua. Miaka miwili ya bima, na hakuna hata moja iliyowahi kuona jua. Vénérande akakaa chini sakafuni. Akazisoma tarehe polepole kwa kidole, kama alivyofundishwa. Tatu zilikuwa zimekwisha. Ya nne ilikuwa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na mbili.

"Amayi!" mwenye pikipiki akaita nje. "Nina abiria wengine!"

Saa ya simu ilikuwa inakaribia saa tano. Vénérande akaanza kurudisha bahasha kwenye mfuko, mfuko kwenye mfuko, kama alivyoagizwa, na vidole vyake vikashindwa, na hapo uvumilivu ukamwisha kabisa. Miaka thelathini anafunga na kufungua hizo plastiki. Akachukua furushi lote kama lilivyo, sanduku akaliacha wazi, akalitia furushi kwenye mfuko wa usipa, akapanda pikipiki.

Alifika kwenye kizuizi saa sita na nusu. Na pale kando ya Sienta ya buluu alikuwa amesimama Mai Nabanda, mwavuli mkononi, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa haraka. Sajini alikuwa mtu wa neno lake.

Mai Nabanda alikuwa anamwambia Gakiza, tena kwa utulivu, "Mara nne. Mara nne nimepanga foleni City Centre na miguu hii. Mara nne nimekupa mkononi. Nilikuuliza, umebandika? Ukasema ndiyo."

"Nilibandika, Mai," Gakiza akasema chini.

"Ulibandika nini?"

Mai Nabanda akanyoosha kiganja.

"Funguo."

Gakiza akatoa funguo za gari mfukoni. Hakuzirusha, hakuzichelewesha. Alizifuta kwanza kwenye shati, halafu akampa kwa mikono miwili kama anavyotoa kila kitu. Tambwe, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alikuwa kimya ndani ya gari, kichwa chake kimetoka dirishani.

"Ngoja, Mai," Vénérande akasema, akihema. "Bwana mkubwa, hii hapa."

Akatia mkono kwenye mfuko, na mkono ukatoka na furushi lote. Sajini akasema anataka kuziona zote, hizo zilizokwisha pia, azilinganishe na ile kopi. Hapakuwa na meza. Vénérande akalifungua furushi juu ya boneti ya Sienta. Akaitafuta bahasha ya NABANDA, akazitoa stika nne, akazipanga. Zile bahasha nyingine zikakaa pembeni, midomo wazi.

"Mama Akeza!" Gakiza akapiga yowe. "Umezileta zote?"

Ndipo upepo ule wa mwezi wa nane, ambao ulikuwa umetulia kidogo kana kwamba unasubiri, ukaja kutoka upande wa mashamba na vumbi lake lote. Bahasha ya TANZANIA ikainuka. Ya UBATIZO ikafuata. Na Gakiza, mtu wa miaka hamsini na saba mwenye mgongo mbovu, akaruka. Alijitupa kifudifudi juu ya boneti mikono imetanuka, kifua kimezilalia karatasi, shavu limebanwa kwenye bati la moto, mguu mmoja hewani. Kadi moja ya kliniki iliponyoka ikaenda ikizunguka barabarani, na yule msichana wa polisi mwenye viatu vinavyong'aa akaikimbilia, akasimamisha lori zima kwa mkono mmoja, akaiokota.

"Shikeni stika!" Gakiza alikuwa anapiga kelele bila kuinua kichwa. "Stika za Mai! Mama Akeza, za Mai zote nne ziko? Hesabu!"

"Ziko," Vénérande akasema. Alikuwa amezibana kifuani. Macho yake yalijaa maji, na hakujua kama ni vumbi au ni aibu au ni kuchoka tu.

Mai Nabanda alimtazama yule mtu aliyelala juu ya gari lake. Akamtazama muda mrefu. Halafu akafunga mwavuli kwa sababu upepo ulikuwa unaupindua, akanyoosha mkono, akachomoa karatasi moja iliyokuwa imejitokeza chini ya kiwiko cha Gakiza. Ilikuwa risiti ya matairi aliyoyanunua yeye mwenyewe mwaka jana. Akachomoa nyingine: risiti ya mafuta ya breki. Zote zake. Zote safi.

"Hii niliitupa," akasema.

"Uliiacha kwenye kiti, Mai," Gakiza akasema, shavu bado kwenye boneti. "Nikakuwekea."

Tambwe hakuweza tena kujizuia.

"Mama mwalimu," akaita kutoka dirishani kwa Kichewa chake cha sokoni, "huyu mtu hata ukimpa jino lako bovu, miaka kumi atakurudishia katika plastiki!"

Msichana wa polisi alicheka. Sajini alivua miwani akaifuta. Mai Nabanda hakucheka, lakini pembe moja ya mdomo wake ilisogea.

"Mtoto wa kaka yangu amepoteza simu tatu mwaka huu," alisema, kama anasema na mwavuli. "Na pikipiki moja. Pikipiki! Mtu anapotezaje pikipiki?" Akavuta pumzi ndefu. "Inuka, Bambo. Inuka unachoma uso."

Sajini alikuwa amemaliza kulinganisha. Aliiweka ile ya nne juu ya kiganja. "Hii ni ya kweli, na siku zake bado. Hakuna mtu wa kupeleka mahakamani hapa. Ila faini ipo, kwa kutoiweka kwenye kioo." Akamgeukia Gakiza. "Niambie kitu kimoja. Unajua hii bima inamlipa nani?"

"Mwenye gari," Gakiza akasema. "Likipata ajali."

"Ha!" Tambwe akasema.

"Hapana," sajini akasema. "Mama huyu amenunua ile ndogo, ile ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari. Ukigonga mti leo, hii haikulipi hata taa. Hii ni ya mtu wa tatu. Wa kwanza ni mama aliyenunua. Wa pili ni kampuni iliyomuuzia. Wa tatu ni yule anayetembea pale kando ya barabara." Akaonyesha kwa kidevu mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo kichwani, hana habari nao. "Ukimgonga yule, hii ndiyo itamtibu. Yeye hakujui, hajui sanduku lako. Anachojua ni kuangalia kioo. Ndiyo maana inatazama nje."

Gakiza akamfuata yule mwanamke kwa macho hadi akapotea.

"Kwa hiyo si yangu," akasema.

"Si yako."

"Wala ya Mai."

"Wala yake. Alilipa tu."

Vénérande aliona jambo hilo likiingia ndani ya mume wake taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye udongo mkavu, yakisimama kwanza juu. Karatasi zote alizowahi kushika maishani zilikuwa za kusema yeye ni nani, ili mtu wa dirishani akubali kwamba yupo. Hakuwahi kufikiri kuna karatasi ya kumsemea mtu mwingine, mtu wa barabarani tu, mwenye ndoo.

"Mimi sina maneno mengi," Mai Nabanda akasema. "Ikibandikwa sasa, mbele yangu, funguo zinarudi. Isipobandikwa, naendesha mwenyewe hadi Area 18 na sijagusa usukani tangu mume wangu afe, na Mungu awasaidie hao wenye ndoo. Na faini utailipa wewe, Bambo Gakiza, wiki hii na wiki ijayo."

"Ndiyo, Mai."

Akaichukua stika. Akafungua mlango, akaingia, akapangusa kioo kwa ndani na mkono wa shati, halafu akapangusa tena. Akaanza kubandua ile karatasi ya nyuma, ukucha wake ukakosa pembe. Akajaribu upande mwingine.

"Na jua?" akauliza. "Jua halitaifuta?"

"Halitaifuta," sajini akasema.

"Na mwizi?"

"Mwizi wa stika yenye namba ya gari lako ataipeleka wapi?"

"Na ikibanduliwa, gundi haishiki mara ya pili. Ikipotea nitamwambia nini Mai? Nipige kwanza kopi moja tu, ya kubaki—"

"Baba Akeza!" Vénérande alisema hivyo kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia, hata kwa watoto, na madereva wawili waliokuwa wanasimamishwa nyuma wakageuka. Akazunguka gari, akainama ndani, akaitoa ile stika mkononi mwake. Hakumnyang'anya. Aliichukua kama unavyomchukua mtoto kwa mtu aliyechoka kumbeba. Akabandua karatasi ya nyuma kwa jino, akaiweka kwenye kona ya kioo, na halafu akaushika mkono wa mume wake akaukandamiza juu yake, kiganja juu ya kiganja, hadi duara lote likashika.

Wakakaa hivyo. Sajini alikuwa anaandika faini. Nje, Mai Nabanda alizitia zile risiti zake kwenye bahasha ya NABANDA, akairudisha kwenye furushi, akafunga mfuko wa kwanza, akafunga wa pili.

"Mama," akamwambia Vénérande alipotoka, akimpa lile furushi kwa mikono miwili, "wewe unaishije na mtu huyu?"

"Kwa neema tu, Mai," Vénérande akasema. "Kwa neema tu."

Funguo zilirudi. Wakamfikisha Mai Nabanda kwake Area 18, akashuka bila kugeuka, lakini alizunguka mbele ya gari kwanza, akainama, akaitazama kona ya kioo, ndipo akaingia ndani. Wakaendelea kwenda Tsoka, ingawa saa hiyo usipa mzuri ulikuwa umeshakwisha na Tambwe alikuwa anaeleza kwamba andazi lake halikuletwa na kwamba siku nzima ya biashara amemtolea Gakiza kama sadaka.

Gakiza aliendesha polepole kupita kiasi. Kila baada ya nyumba mbili tatu shingo yake ilijivuta kuelekea kile kikaratasi, na gari likavutika nayo.

"Kwa huku ndani inaonekana mgongo tu," akasema mwishowe. "Mgongo mweupe. Siwezi hata kusoma tarehe."

"Si wewe wa kuisoma," Vénérande akasema, akilibana furushi magotini. "Angalia njia, Baba Akeza. Kuna watu."